Mgeni njoo, mwenyeji apone? Kisa cha Captain America kwenye katuni isiyo yake

Kisa hiki nakiandika kwa wenzangu wanaoendesha vijiwe vya kusoma na kwa nyie mnaochora katuni, maana kila siku nasikia mtu anasema "ngoja nimtokezeshe fulani kwenye toleo moja, watu watajaa". Mji sitaji, mtaa sitaji, watu nimewaita kwa herufi na vitu viwili vitatu vya kumtambulisha mtu nimevigeuza. Kitabu tu ndo nimekitaja kwa jina lake kwa sababu kipo madukani, na bila kukitaja hamtaelewa ugomvi ulianzia wapi.

USULI

Tuna kijiwe cha kusoma katuni, tulianza watu sita. Ofisi hatuna. Anko K ana banda umiza, lile la kawaida mnalolijua, mabenchi ya mbao, TV mbili zimefungwa juu kwenye kona, feni moja inayozunguka ikijisikia, na nje kuna ubao mweusi wa kuandikia mechi za siku. Jumamosi asubuhi banda linakuwa halina kazi mpaka mechi ya mapema ya Uingereza, kwa hiyo akatuachia bure kuanzia saa nne, sharti tufagie na ikifika saa saba tuwe tumeshatoka. Kitabu kilikuwa kimoja, changu, basi nikawa napiga kurasa picha kwa simu, naunga waya kwenye TV, nasoma kwa sauti huku natafsiri hapo hapo.

Kitabu chenyewe ni Truth: Red, White & Black, mfululizo mfupi wa matoleo 7 wa Marvel, kampuni ya katuni ya Marekani, wa mwaka 2003, kaandika Robert Morales, kachora Kyle Baker. Ni katuni ya kipekee ukiilinganisha na ndugu zake wa kampuni ileile. Imechorwa kama vibonzo vya kuchekesha, vichwa vya mviringo, midomo mikubwa, miili inayopinda kama mpira, halafu ndani yake kuna mambo ya kukukosesha usingizi.

Captain America wengi wetu tunamjua kwa muvi. Asili yake ni kazi ya Joe Simon na Jack Kirby, toleo la kwanza lina tarehe ya Machi 1941 na kwenye jalada anamtandika Hitler ngumi ya taya, wakati Marekani yenyewe bado haijaingia vitani. Ile ngao ya duara mnayoijua haikuwepo kwenye toleo la kwanza, alikuwa na ya pembe, sasa kampuni nyingine ilikuwa na shujaa wake wa bendera anaitwa The Shield ikalalamika kwamba ngao inafanana na kifua cha mtu wao, toleo la pili jamaa akaja na ya mviringo. Ndo ujue hata bendera ya taifa watu wanaigombania hatimiliki.

Hadithi yake ya kawaida ni hii: kijana mwembamba Steve Rogers anapewa dawa, anageuka askari wa ajabu, mwanasayansi mwenye siri ya dawa anauawa, siri inapotea. Morales akauliza swali moja tu la mtu mzima. Serikali iliyopoteza dawa kama ile katikati ya vita, ingekubali yaishe? Ingejaribu tena, na ingewajaribia akina nani?

Jibu lake ni askari weusi. Na hakulitoa hewani, kwa sababu huko Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 hadi 1972 idara ya afya ya serikali iliwafuatilia wanaume weusi 600, kati yao 399 wana kaswende, bila kuwaambia wanaumwa nini, na hata penisilini ilipokuja kuwa tiba ya kawaida hawakupewa, walikuwa wanaangaliwa tu ugonjwa unavyokwenda. Rais Clinton aliomba radhi mwaka 1997, wengi wameshakufa.

Kwa hiyo stelingi wa kitabu ni Isaiah Bradley, kijana wa New York aliyeoa juzijuzi, mkewe anaitwa Faith. Captain America ni mgeni. Nguo ni zake, jina kubwa ni lake, ila nyumba si yake, na hilo ndo jambo lenyewe la kisa hiki.

WALIOTENGENEZA WALIAMUA NINI

Hapa nitapita haraka. Wazo lilianzia kwenye neno la kupitia tu alilotamka Bill Jemas, mmoja wa wakubwa wa Marvel wakati huo, mhariri Axel Alonso akalidaka na akili yake ikaenda Tuskegee moja kwa moja. Morales alipoambiwa alicheka kwanza, halafu akashtuka, halafu akaandika pendekezo la huzuni kiasi kwamba aliamini watalikataa. Hawakulikataa.

Mwanzo alitaka Isaiah awe mwanasayansi anayejijaribia dawa mwenyewe, kama wale wa katuni za miaka ya 60. Kampuni ikataka Tuskegee ionekane waziwazi, kwa hiyo Isaiah akawa askari anayefanyiwa. Morales naye akapigania mwisho wake, kwamba Isaiah abaki na akili iliyoharibika, mfano aliokuwa nao Morales kichwani ni bondia Muhammad Ali. Akapewa.

Uamuzi mzito kuliko yote ni kwamba mambo haya yahesabiwe kuwa yametokea kweli kwenye dunia ya Captain America. Wangeweza kuyaweka pembeni kama ndoto, "ingekuwaje kama", na kila mtu angelala salama. Walivyoyaingiza ndani, Steve Rogers akawa hana pa kukimbilia, lazima ipo siku atasikia. Wasomaji wengine walianza kulalamika kabla hata ya kusoma, wakiona shujaa wao anaporwa. Kumbukeni hili la kulalamika kabla ya kusoma, maana mimi nililipata kwa njia yangu, tena kwa kujitakia.

JUMAMOSI YA KWANZA: UBAO

Ijumaa jioni nilichukua chaki nikaandika kwenye ubao wa Anko K: KESHO SAA 4 ASUBUHI, CAPTAIN AMERICA, BURE. Nikachora na ngao. Kwa nini? Kwa sababu ningeandika "Isaiah Bradley" wasingekuja hata wale sita. Nilijua kabisa kwamba toleo la kwanza Steve hayupo, anakuja kuonekana mbele huko theluthi ya mwisho, nikajisemea watu wakishakaa watanogewa.

Walikuja thelathini na moja. Nilihesabu kwa raha zangu. Madogo wa shule, bodaboda wanne, dada mmoja wa saluni ya jirani na mwanae, na kijana nitakayemwita D ambaye muvi zote za Marvel anazijua kwa miaka. TV ikawaka, ikatokea picha ya ukurasa wa kitabu, kimya. Mtu mmoja nyuma akauliza, "Anko, mbona imeganda?"

Aisee. Nikaeleza kwamba si muvi ni kusoma. Wakaguna lakini wakakaa, maana ilikuwa bure na jua lilikuwa limeshaanza. Nikasoma: Isaiah na Faith wako kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York mwaka 1940. Tukaenda kwa Maurice, mtoto wa familia yenye uwezo, kisha kwa Luke Evans, mwanajeshi aliyeshushwa cheo, kachoka na maisha. Watu watatu, miji mitatu, hakuna ngumi hata moja ya maana, na kila nikifungua ukurasa sauti inatoka: "Kapteni yuko wapi?"

Dakika ya arobaini dogo mmoja akasimama akasema arudishiwe hela yake. Hakuna aliyekuwa amelipa hela. Watu wakacheka, naye akacheka, ila akatoka, na wengine kumi wakamfuata. D ndo alinipa ushauri wa kwanza wa siku: "Kaka, ruka. Nenda pale anapotokea, soma hiyo, halafu hawa wengine utawaeleza kwa mdomo."

Nikakataa. Sababu niliyotoa siku ile ilikuwa ya kiburi tu, kwamba kitabu husomwa kwa mpangilio. Sababu ya kweli niliielewa baadaye na nitaifikia.

JUMAMOSI YA PILI: VIKOMBE

Ubao niliufuta? Sikuufuta. Walikuja kumi na wawili.

Siku hii tulisoma toleo la pili na la tatu, ndo moyo wa kitabu. Pearl Harbor, ile kambi ya jeshi la majini la Marekani, imeshapigwa na Wajapani, vijana wako kambini jimbo la Mississippi, kambi inaitwa Cathcart. Wanachukuliwa mia tatu. Wanaobaki, kwa ajili ya kutunza siri, wanapigwa risasi, pamoja na mkuu wa kambi mwenyewe, na familia za wale mia tatu zinaambiwa watu wenu wamekufa vitani. Wale waliochukuliwa wanaanza kuchomwa dawa, miili inavimba mpaka inapasuka. Na yote hii imechorwa kwa mkono uleule wa kuchekesha. Ukurasa uliopita umetabasamu na kichwa cha mtu kilichochorwa kama chungwa, ukurasa huu chungwa lilelile lina macho yaliyotoka.

Mzee S anauza kahawa na kashata. Hakuwa mwanachama, alikuwa ameingia kuuza. Mnajua wale wazee wanavyogonganisha vikombe kujulisha kwamba wapo, basi alikuwa kakaa mlangoni, birika juu ya jiko lake la mkaa, vikombe vinalia tiki tiki tiki huku mi nasoma, na kusema kweli vilikuwa vinanikera. Nilipofika pale kambini vikombe vikanyamaza. Nikasoma ukurasa mzima wa risasi bila tiki hata moja.

Nilipomaliza akauliza kwa upole, "Mwalimu, hao waliosemwa wamekufa vitani, barua ilipelekwa na nani?"

Nikasema kitabu hakielezi kwa kirefu. Akasema baba yake alikuwa Keya. Vijana hawakuelewa, ikabidi aeleze kwamba Keya ndo lile jeshi la Mwingereza, King's African Rifles, lililochukua watu wa huku kwetu, na baba yake alikwenda Burma, mwaka 1944, kwenye divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Alirudi na koti refu la kaki na medali, na kiinua mgongo ambacho si kile walichopewa wazungu wa cheo kama chake. Koti lilining'inia nyuma ya mlango mpaka panya wakalimaliza, mama yake akikataza mtoto yeyote asiliguse. Halafu akaimba kidogo kwa sauti ya chini ule wimbo wao wa kufunga safari, wanaoulizana amri ni ya nani na kujibiwa ni ya Bwana Kapteni. Akasimama hapo kwenye neno Kapteni, akaangalia ngao yangu ya chaki kupitia mlangoni, akacheka peke yake.

Hapa ilibidi niamue. Ilikuwa saa sita na nusu, nusu ya toleo la tatu bado, Anko K kaanza kupanga mabenchi. Kumkatiza Mzee nimalize ratiba, au nimwache. Nikamwacha. Alizungumza kama dakika ishirini na tano, na D, yule wa kuruka, alikuwa kakaa chini kabisa miguuni pake. Toleo la tatu tulilimalizia nje, watu wamezunguka simu yangu kama wanaangalia ajali.

JUMAMOSI YA TATU NA YA NNE

Ya tatu tuliingia Ulaya. Kati ya mia tatu wametoka watano, na hao nao wanapukutika mmoja mmoja, kwa vita na kwa kugombana wenyewe, mpaka anabaki Isaiah. Anapewa kazi ya kwenda kufa: aingie peke yake kwenye kambi ya Wanazi ambako nao wanatengeneza askari wao wa ajabu. Kabla ya kwenda anaiba vazi na ngao vilivyokuwa vya Captain America. Ndo Kapteni wa kwanza tuliyemwona kwenye TV ya Anko K, na alikuwa mweusi. Kwenye ngao ana alama ya V mbili, ile ya kampeni ya gazeti la Pittsburgh Courier ya mwaka 1942, ushindi dhidi ya maadui wa nje na ushindi dhidi ya ubaguzi wa nyumbani.

Banda lilishangilia, watu tisa tu lakini ungedhani ni goli.

Anakamatwa, anapona, anarudi kwao. Malipo yake ni mahakama ya kijeshi kwa kosa la kuiba nguo, kifungo kwenye gereza la Leavenworth, na msamaha wa Rais Eisenhower mwaka 1960 kwa sharti la kunyamaza. Dawa na kifungo vimeshammaliza, akili imekuwa ya mtoto.

Na hapa ndo Steve Rogers anaingia. Huyu Steve ni wa siku za leo, alilala kwenye barafu miaka mingi, hajui lolote. Anahangaika kutafuta ukweli, anaambiwa vipande vipande, hatimaye anafika Bronx, huko New York, nyumbani kwa akina Bradley. Anayempokea ni Faith, sasa mtu mzima, amejistiri kwa vazi la Kiislamu, naye ndo anayezungumza. Ukuta umejaa picha za watu waliokuja kumwona Isaiah miaka yote, Malcolm X, Muhammad Ali, Mandela, maana huyu mtu kwa weusi alikuwa anajulikana siku zote, waliokuwa hawamjui ni wale wengine.

Jumamosi ya nne nilifanya uamuzi wa makusudi: nilisimamisha kabla ya kurasa za mwisho, nikazima TV, nikauliza Steve afanye nini. Nilikuwa nataka watu wajiwekee dau kabla ya kuona. Dada wa saluni, nimwite R, alisema apige magoti. D alisema arudishe ngao kabisa, aache kazi. Mwingine akasema awapeleke mahakamani. Mzee S alikuwa anamimina kahawa, hakusema kitu.

Nikawasha. Steve amekuja na lile vazi lililochanika ambalo Isaiah alilivaa vitani, anamrudishia. Isaiah analivaa. Wanasimama pamoja, yule kwenye sare nzima, huyu kwenye matambara, Isaiah anatabasamu, wanapigwa picha. Mwisho.

Kimya kidogo, halafu Mzee S akasema, "Shati kamrudishia. Na mshahara je?"

MATOKEO

Tulichelewa kutoka, Anko K alitufokea, mechi ikaanza na sisi bado tuko mlangoni tunabishana. D alikuwa amekasirika kabisa, anasema kitabu kizima tumemzika mtu mmoja mmoja, halafu ukurasa wa mwisho mgeni kasimama katikati ya picha kama harusi ni yake, "kwa nini mpaka aje yeye ndo iwe imekwisha?" R akamjibu kwamba hajaangalia ukuta. Ule ukuta umejaa wageni, kila aliyekuja alipiga picha, Mandela alipiga, Ali alipiga, sasa na Steve kapiga, ataning'inizwa pale pamoja na wenzake, tena wa mwisho kufika. D akasema sawa, lakini Mandela hakupewa ukurasa mzima. Mpaka leo sijui nimpe nani ushindi, nikisoma asubuhi niko na R, usiku niko na D.

Kati ya thelathini na moja walibaki tisa. Wanne kati ya hao hawakuwa wanachama mwanzo. Mzee S sasa anakuja na kiti chake.

UCHAMBUZI: KILICHOFANYA KAZI

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na biashara ya katuni inaendeshwa kwa methali hiyo bila kuijua. Mfululizo ukiwa unasuasua sokoni wanamleta mtu maarufu, anapigana toleo moja, mauzo yanapanda, anaaga. Mgeni ni panadoli. Truth imeigeuza: mgeni amekuja mwenyeji akiwa ameshaumwa miaka sitini, na hana dawa. Hapigani na yeyote ili kumwokoa Isaiah, hakuna wa kumwokoa tena. Nguvu zake zote, ngao, misuli, jina, pale sebuleni hazina kazi hata moja. Kazi yake ni kukaa na kusikiliza mwanamke anayezungumza.

Ndo maana kuchelewa kwake kulisaidia. Angekuja toleo la kwanza tungekaa tunamwangalia yeye, Isaiah angekuwa msaidizi wake. Angekuja la tatu, pale kambini, tungesubiri azuie risasi, na asipozuia tungemchukia, akizuia kitabu kimekufa. Amekuja watu wakiwa wameshazikwa, na sisi ndo tunajua zaidi yake. Hii ndo sababu ya kweli ya kukataa kuruka. Msomaji aliyeruka anaingia Bronx akiwa hajui kitu kama Steve, wote wawili wanashangaa ukuta. Aliyesoma kwa mpangilio anamwangalia Steve anavyoshangaa, na hasira inampanda, au huruma, inategemea na mtu. Kama unachora na unataka kumleta mtu mkubwa, jiulize msomaji atakuwa anajua nini ambacho mgeni hakijui. Kama jibu ni hakuna, umeleta tangazo.

Mchoro nao ulifanya kazi, ingawa nilikuwa na wasiwasi. Wasomaji wengi wa katuni hizi walimlaumu Baker kwa vibonzo vyake. Kwenye banda letu vile vichwa vya chungwa ndo viliwafanya madogo wakae dakika kumi za kwanza, na ndo viliwaumiza baadaye. Ila kwenye kurasa za Ulaya nilipata tabu, miili imetuna kiasi kwamba watu walikuwa wananiuliza huyu ni nani na yule ni nani, ikabidi nioneshe kwa fimbo.

Kumwacha Mzee S azungumze, kwa ratiba lilikuwa kosa, kwa kitabu ndo ilikuwa tafsiri bora kuliko yangu. Nilikuwa nimejiandaa kueleza Tuskegee na nikaeleza, watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Koti la nyuma ya mlango halikuhitaji maelezo. Na bila lile koti, shati la Steve lingepita kama zawadi nzuri tu, hakuna ambaye angeuliza mshahara.

KILICHOHARIBIKA

Kwenye kitabu, tatizo langu ni kwamba mwenyeji hana sauti nyumbani kwake. Morales alipata mwisho wa huzuni alioutaka, lakini bei yake ni kwamba Isaiah hawezi kumuuliza Steve swali hata moja. Anafurahi kupewa shati. Faith anabeba maneno yote, na anayabeba vizuri, ila ile picha ya mwisho haimuulizi Faith, inatabasamu. Mwenyeji asiyeweza kukataa kupigwa picha, huyo mgeni anatua kiulaini sana. Nadhani D aliliona hili kabla yangu, alikosa tu maneno.

Kuzima TV ili watu wakisie pia sina uhakika nalo. Lilileta mjadala, sawa, lakini kila mtu alishajenga mwisho wake, halafu wa kitabu ukaonekana mdogo. Ningeuliza baada ya kumaliza.

Na ubao, jamani. Nililaumu wasomaji wa Marekani waliolalamika kabla ya kusoma, wakati mimi mwenyewe niliwatengeneza wangu kumi na moja kwa chaki. Niliwaahidi mgeni nikawapa mwenyeji, kwa hiyo kila ukurasa wa Isaiah kwao ulikuwa ucheleweshaji. Yule dogo aliyedai hela alikuwa na haki, alilipa asubuhi yake. Ningeandika "askari aliyefungwa kwa kuiba nguo za Captain America" wangekuja pengine kumi na tano, lakini wangekaa wakimsubiri mtu sahihi.

Ule mchoro wa ngao sikuufuta mpaka wiki mbili baada ya kumaliza kitabu, Anko K alikuwa anaandika mechi pembeni yake kwa sababu alisema unapendeza. Jumanne moja napita pale nikakuta bodaboda mmoja kasimama na abiria wake, ananiuliza Kapteni wa leo anaanza saa ngapi.